Tundu Dogo Lililokula Mbuzi wa Nyanya

MPENZI msomaji, kabla hujaendelea, hebu nenda jikoni uitazame ile chupa ya chai. Sisemi hizi za chuma za siku hizi. Nasema ile ya kioo ndani, inayong'aa kama kioo cha kujitazamia. Ukipata nafasi ya kuona kitako cha kioo chenyewe, siku inapofunguliwa kuoshwa, utakuta kuna ncha ndogo iliyochongoka. Familia nyingi zimeishi na ncha hiyo miaka na mikaka, zikapeleka chai shambani na matangani, zikawaandalia wageni wa posa, zisijiulize hata siku moja kazi yake ni nini.

Ncha hiyo ni mlango uliofungwa. Chupa ya chai ina kuta mbili za kioo, na hapo ndipo hewa iliyokuwa katikati ya kuta hizo iliponyonywa, kisha pakazibwa kwa moto. Kilichobaki katikati ni ombwe, yaani mahali pasipo na hewa, na kwa kuwa hapana hewa ya kulibeba, joto la chai hukosa njia ya kutorokea. Mwanasayansi James Dewar aliibuni chupa hiyo mjini London mwaka 1892, wala hakuwa akiwaza chai. Alikuwa akihifadhi gesi zilizogeuzwa maji kwa baridi kali.

Sasa ncha hiyo ikipata ufa, hata ule usioonekana kwa macho, chupa imekufa. Kwa nje ni nzima kabisa. Mfuniko upo, maua yaliyochorwa ubavuni bado yanapendeza, lakini chai ya saa moja asubuhi inakuwa vuguvugu kabla ya saa tatu. Mama wa nyumbani atamlaumu mtoto kwamba hakuufunga mfuniko sawasawa. Mtoto atalia. Mkosaji wa kweli ni tundu ambalo hakuna aliyeliona.

Nimeanza na chupa ya chai ili unielewe nikikueleza mambo ya mpwa wangu wa Machakos. Maana nikianza moja kwa moja na taa zake za tarakimu, huenda ukadhani kijana ana wazimu, kama alivyodhani baba yake.

Huyu ni mtoto wa dada yangu. Amemaliza kidato cha nne, na alikuwa nyumbani akingoja kuingia chuo cha ufundi mwezi wa Januari. Kwa muda mrefu amekuwa mtu wa kufungua vitu. Redio ya nyanya yake, ambaye ni mama yangu mzazi, ameifungua na kuifunga mara nyingi kuliko nilivyofungua mlango wa nyumba yangu. Siku moja akakutana na picha ya saa ambayo tarakimu zake zinawaka kwa rangi ya chungwa, kila tarakimu ikiwa waya mwembamba uliokunjwa ndani ya neli ya kioo. Akaapa kwamba atatengeneza yake.

Taa hizo huitwa Nixie. Kampuni ya Burroughs ya Marekani ilizileta sokoni mwaka 1955, na kwa miaka kama ishirini ndizo zilizoonyesha hesabu katika mashine za kupigia hesabu na katika mitambo ya maabara. Ndani ya neli moja hupangwa waya kumi zilizokunjwa kuanzia 0 hadi 9, moja nyuma ya nyingine. Hewa yote hutolewa, kisha hutiwa gesi ya neoni kidogo. Waya inayopelekewa umeme, wa volti 170 hivi, huzungukwa na mwanga wa chungwa, nyingine zikabaki gizani. Kama hujawahi kuona mwanga huo, tazama kile kitaa kidogo katika swichi ya waya wa kurefushia umeme. Vingi vya vitaa hivyo ni neoni, ndugu wa Nixie. Binamu zake ni zile tarakimu za kijani zenye rangi ya bahari katika deki za zamani za video. Zote ni kioo kilichotolewa hewa, na zote adui yao ni mmoja.

Vifaa vilihitaji pesa. Mama yangu akauza mbuzi. Hakuuliza kitu chenyewe ni cha nini. Alisema tu kwamba aliyemrudishia redio yake uhai hawezi kunyimwa mbuzi mmoja. Kwa pesa hizo kijana akanunua pampu ya kunyonya hewa iliyokwisha kutumika, ya aina wanayotumia mafundi wa friji, pamoja na geji yake na mipira yake. Kioo alikipata kwenye balbu za kawaida zilizoungua, zile za waya.

Shemeji yangu hakufurahi. Yeye ni dereva wa lori la mchanga, ule mchanga wa mito ya Ukambani unaokwenda kujenga Nairobi, na anajua shilingi inavyopatikana. (Kioo chenyewe asili yake ni mchanga, lakini hilo sikuthubutu kumtajia.) Nilipofika Machakos Jumamosi moja mwezi wa Novemba nilikuta hukumu imekwisha kupitishwa. Ikiwa kitu hicho hakitawaka kabla ya chuo kufunguliwa, pampu iuzwe na pesa zitiwe kwenye karo. Wala simlaumu. Mwenye nyumba ndiye ajuaye inapovuja.

Kijana mwenyewe nilimkuta amekonda. Tatizo lake lilikuwa hivi. Geji ya mafundi wa friji ina mshale ambao ukiwa hewani husimama kwenye sifuri. Pampu ikianza kunyonya, mshale hurudi nyuma, na chini ya sifuri kuna alama za inchi hadi 30. Mafunzo yote aliyoyatazama yalisema kwamba ombwe zuri hufika inchi 29 na ushei. Mshale wake ulifika 24 na nusu ukagoma. Aliacha pampu ikinguruma saa nzima, mshale haukusogea. Kwake hilo lilikuwa na maana moja tu, kwamba kuna mahali panavuja.

Basi akawinda uvujaji huo kwa majuma mawili. Alipaka povu la sabuni kila kiungo, kama alivyoona mafundi wakifanya. Alibadilisha mipira. Alikaza kila nati mpaka moja ikakatika. Neli mbili zilivunjika mikononi mwake. Kila jioni mshale ulisimama pale pale, 24 na nusu, kama punda aliyefika mtoni akakataa kuvuka.

Mimi kazi yangu ni kalamu, sikujifanya fundi. Nilimwambia, "Twende kwa mtu anayekula mkate wake kwa kazi hii." Tukabeba pampu na geji ndani ya gunia tukaenda mjini, hadi kwenye kibanda cha fundi mmoja wa friji, si mbali na soko la Marikiti. Ni mzee wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na friji zimempanga nje foleni kama wagonjwa.

"Shikamoo mzee," kijana akasema. Akaeleza shida yake kwa pumzi moja.

Fundi hakugusa chochote. Aliuliza tu, "Kijana, wewe unataka mshale ufike wapi?"

"Ishirini na tisa, mzee. Au thelathini."

Yule mzee akacheka hadi akavua miwani. "Hapa Machakos? Hata uite malaika haufiki. Mimi nilifanya kazi Mombasa zamani, na kule ulikuwa unakaribia thelathini. Niliporudi huku ukawa haupiti ishirini na tano. Nilidhani pampu yangu imezeeka, nikanunua nyingine. Ile nyingine nayo ikasimama pale pale. Basi nikajua ni mahali."

Ni mahali! Msomaji, nilirudi Nairobi na maneno hayo yakinizunguka kichwani mpaka nikachukua karatasi nikafanya hesabu. Mzee alikuwa amesema kweli tupu. Geji ile haipimi kilichomo ndani ya neli. Inapima tofauti kati ya hewa ya ndani na hewa ya nje. Ukitoa hewa yote ya ndani, tofauti inayobaki ni uzito wote wa hewa ya nje, basi. Huwezi kutoa zaidi ya kilichokuwepo. Mombasa, kwenye usawa wa bahari, uzito wa hewa unaweza kuinua zebaki karibu inchi 30. Machakos imeinuka mita 1,600 hivi juu ya bahari; sehemu ya hewa imeachwa chini, na ile iliyobaki juu ya vichwa vya watu inainua zebaki inchi 24 na nusu na kidogo. Mshale wa kijana haukugoma. Ulikuwa umefika mwisho wa safari.

Jambo hilo hilo mama zetu wanalijua kwa njia ya sufuria. Maji ya Machakos huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama tulivyokariri shuleni, na hiyo ni sababu mojawapo ya muthokoi kukaa motoni mpaka watoto wakasinzia. Kwa nini basi hatukufundishwa kwamba ile 100 ni ya watu wa pwani? Vitabu vyetu vingi vya sayansi viliandikwa na watu waliokaa karibu na bahari, nasi watu wa milimani tukaendelea kuviamini kuliko sufuria zetu.

Na watu wa Machakos wangepaswa kuwa wa mwisho kudanganywa na kipimo. Si wao wenye Kyamwilu? Kule kwenye barabara ya kilima cha Kituluni, ukimwaga maji yanaonekana yakipanda mlima, na gari lililozimwa injini linaonekana likijivuta kwenda juu. Watalii wanakwenda, wanamwaga maji, wanapiga picha na kushangaa. Maji hayapandi. Ni mkao wa ardhi unaoyadanganya macho kuhusu wapi ni juu na wapi ni chini.

Ningependa kukuambia kwamba kisa kiliishia hapo. La hasha. Kijana alipounganisha neli yake ya tatu, kwa furaha ya mtu aliyeondolewa mashtaka, akaipelekea umeme wa volti nyingi ili aone kama hewa kidogo iliyobaki ndani itawaka. Iliwaka, rangi ya zambarau yenye wekundu, akapiga kelele nyumba nzima ikaja kutazama. Akafunga koki. Baada ya robo saa ule mwanga ukasinyaa, ukawa kama uzi, ukazimika. Mshale wa geji haukuwa umetikisika hata kidogo.

Kumbe kulikuwa na uvujaji wa kweli, mdogo sana, uliokuwa umejificha nyuma ya ule wa uongo.

Hapa ndipo tulipoelewa kwamba vifaa vya friji, vizuri kama vilivyo, havikuundwa kwa ajili ya kioo. Friji hupimwa kwa kujazwa gesi kwa nguvu, hewa ikatoka nje na kupuliza povu la sabuni. Neli ya kioo huwezi kuijaza hivyo, itakupasukia usoni. Na ukiitoa hewa, povu halipulizwi. Linanyonywa ndani, na sasa una neli yenye tundu na sabuni pia. Tena mshale wa geji ni mvivu. Mafundi makini wa friji huhesabu ombwe kwa mikroni, na mikroni moja ni elfu moja ya milimita ya zebaki. Hewa ya Machakos ni kama mikroni 626,000, na friji huhesabiwa kuwa imenyonywa vizuri ikishuka hadi 500. Tofauti kati ya 500 na 5,000 mshale hauwezi kukuonyesha. Ni chini ya robo ya alama moja ya inchi. Kwa neli ya tarakimu, tofauti hiyo ndiyo uhai na kifo. Nilipiga hesabu nikaona kwamba katika neli ndogo kama yake, hewa isiyozidi ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti inatosha kuichafua neoni hadi ipoteze rangi yake. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa kibaba chenyewe ni hicho kichwa cha kiberiti.

Yule mzee alimwambia kijana ahamie kibandani kwake kwa siku zilizobaki. Mkataba ulikuwa rahisi. Asubuhi kijana amsaidie kutengeneza friji za watu, alasiri meza ni yake. Jumamosi mbili zilizofuata nilishinda pale nikitazama, na naweza kukueleza walivyovigeuza vile vifaa.

Kwanza waliondoa mipira mirefu. Mpira unaweza kuonekana mzima na bado ukapitisha hewa na unyevu kidogo kidogo, kama mtungi wa udongo unavyotoa jasho. Mahali pake pakawekwa bomba la shaba, fupi kadiri ilivyowezekana, lenye koki moja kati ya pampu na neli.

Kisha ikaja geji mpya, na hii ndiyo iliyonifurahisha kupita yote. Waliitengeneza kwa balbu ndogo ya gari ya volti 12. Kijana alikwangua shingo ya balbu kwa tupa iliyoloweshwa maji, akagusisha ncha ya waya uliopashwa moto, kioo kikalia "ti" na kufunguka huku waya wa ndani ukibaki salama. Balbu tatu ziliharibika kabla ya moja kukubali. Ile iliyokubali ikaunganishwa na bomba kwa gundi ya epoksi, ikapitishiwa umeme mdogo sana, usiotosha kuiwasha. Kazi yake ni hii: penye hewa, waya ule hupozwa na hewa. Hewa ikipungua, hakuna wa kuupoza, unapata moto zaidi, na ukinzani wake wa umeme unapanda. Balbu ya pili, ambayo haikuvunjwa, ikawekwa kando yake kama shahidi, na mita ya kawaida ya umeme ikasoma tofauti kati ya hizo mbili. Wanafunzi wa fizikia watalitambua hapo daraja la Wheatstone. Wanaodhani mambo hayo ni ya mtihani tu, waende Marikiti.

Wazo hilo si geni. Marcello Pirani alilitumia mwaka 1906 nchini Ujerumani alipokuwa katika kiwanda cha balbu cha Siemens & Halske, akitaka kujua balbu zake zimetolewa hewa kiasi gani. Balbu ikapima balbu. Zaidi ya miaka mia moja baadaye ikafanya kazi hiyo hiyo juu ya benchi la fundi, katikati ya majokofu yasiyo na milango.

Kwa geji hiyo wakajifunza kutofautisha uvujaji na kile kinachofanana nao. Walinyonya bomba tupu, bila neli, wakafunga koki. Nambari ikaanza kushuka, dalili kwamba ombwe linaharibika, na kijana akashika kichwa. Mzee akamwambia angoje. Nambari ikapunguza mwendo, ikajikokota, ikatulia. Haikuwa hewa ya nje inayoingia. Ulikuwa unyevu na mafuta yaliyojificha ndani ya bomba lenyewe, yakitoka taratibu na mwishowe kuisha. Walipopasha bomba joto na kunyonya tena, nambari ikakaa karibu pale pale ilipoachwa. Halafu wakaunganisha neli. Mara hii nambari ikashuka bila kupunguza mwendo, kama mtu ateremkaye ngazi asiye na haraka wala nia ya kusimama. Tundu lilikuwa kwenye neli.

Lakini wapi? Waliuzima ule umeme wa volti nyingi na kuutoa kabisa mezani, maana kilichofuata ni spiriti, na spiriti na cheche si marafiki. Kijana akachovya brashi ndogo ya kuchorea, akaanza kugusa neli sehemu moja moja, akianzia chini, ili tone lisitiririke na kufika mahali ambapo zamu yake haijafika. Mzee alikaza macho kwenye mita. Spiriti ikifika kwenye tundu, aidha italiziba kwa nukta chache au mvuke wake utaingia ndani, na kwa vyovyote nambari itaruka. Waya wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu na wa nne, kimya. Waya wa tano ulipoguswa nambari ikaruka kama panzi.

"Rudia," mzee akasema. Wakangoja ikauke, wakarudia. Ikaruka tena, pale pale.

Waya wa tano ulikuwa wa shaba ya kawaida. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo mbuzi wa mama yangu alipopotelea. Balbu ya kawaida ina waya mbili tu zinazopita kwenye kioo. Neli yenye tarakimu nyingi huhitaji zaidi, hivyo kijana alijazia kwa nyuzi za shaba alizochuna kwenye waya wa umeme. Vikiwa vya moto, shaba na kioo hushikana vizuri sana. Vikipoa, shaba husinyaa karibu maradufu ya kioo, na kati yao hubaki mwanya ambao hakuna jicho linaloweza kuuona. Edison alilijua tatizo hilo katika balbu zake za kwanza, akatumia platini, ambayo husinyaa sawa na kioo. Platini ni ghali sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 Colin Fink wa kampuni ya General Electric akapata njia ya kuivika shaba nyembamba waya ya nikeli na chuma, na ndoa hiyo ikaishi na kioo bila ugomvi. Waya hiyo huitwa dumeti. Imo ndani ya balbu uliyoitupa jana. Mahali inapopita kwenye kioo, ikiwa imeshika sawasawa, utaona rangi nyekundu kama ya tofali.

Basi watoto wa mtaa wakatangaziwa kwamba kila balbu ya waya iliyoungua italipwa shilingi 10. Zilikuja chache, balbu hizo zimeadimika. Zilikuja pia zile za kuokoa umeme na vipande vya taa ndefu za tyubu, na hizo mzee alizirudisha kwa ukali. Nami nakusisitizia wewe mzazi: taa hizo zina zebaki ndani yake, na mtoto asipewe kuzivunja kwa sababu yoyote. Mengine ya usalama ni haya. Kioo kilichotolewa hewa kinaweza kupasukia ndani na vipande vikaruka, kwa hiyo miwani ya kukinga macho haivuliwi. Na volti 170 si mchezo. Ikiwa mwanao ana hamu ya mambo haya, mtafutie fundi mwenye mvi akae naye.

Wenye uwezo wana njia nyingine. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Wamarekani waliokuwa wakiunda bomu la atomiki walihitaji kupata matundu madogo kupita kiasi katika mitambo yao, ndipo Alfred Nier akaunda mashine inayonusa gesi ya heliamu. Mashine za ukoo huo leo zinaweza kutambua tundu dogo hata kikombe cha mtoto wa sindano, sentimita moja ya ujazo, kingechukua miaka 30 kujaa kupitia hapo. Bei yake ni mamilioni ya shilingi. Katika Jamhuri ya Cheki, Dalibor Farný alianza kujifundisha kutengeneza Nixie kwa mkono mwanzoni mwa miaka ya 2010, na karakana yake sasa huziuza nchi za mbali kwa bei ambayo ingenunua mbuzi kadhaa. Kijana alinionyesha picha za karakana hiyo kwenye simu yake. Nilitazama zile mashine zinazong'aa, kisha nikaitazama balbu ya gari iliyopakwa epoksi.

Wiki ya pili ya Desemba walimaliza neli mpya, yenye waya za dumeti pekee. Ina tarakimu tatu tu, 1, 2 na 4, kwa sababu waya hazikutosha. Walipofunga koki nambari ilikuwa 388. Kijana alibeba bomba lote nyumbani, pamoja na neli, mita na betri, akaliweka juu ya meza ya sebuleni, akafungua daftari na kuandika saa na nambari. Aliandika saa moja, saa mbili, saa tatu na saa nne usiku. 388, 387, 387, 387. Saa tano usingizi ukamshinda juu ya kiti.

Neoni bado hana. Neli ile itawaka zambarau ya hewa, si rangi ya chungwa aliyoiahidi, na mzee anaulizia kwa jamaa zake wa Nairobi kama kuna aliyebakiza mtungi enzi za mabango ya neoni. Nilimweleza shemeji hayo yote chakula cha jioni kilipokuwa kikiandaliwa. Alinisikiliza kwa adabu, akasema Januari ni Januari, akaenda kulala mapema kwa kuwa lori huondoka alfajiri.

Niliamka nikakuta ameshaondoka. Daftari lilikuwa wazi juu ya meza, na chini ya mistari ya kijana palikuwa na mistari miwili ya mwandiko mwingine, mkubwa, wa kalamu iliyobanwa kwa nguvu: saa tisa, 386. Saa kumi na moja, 386.